Kulinyanyua Gari la Respicius

Kila Desemba watoto wetu mnarudi nyumbani na magari. Mnatoka Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam, mnapita Biharamulo, mnaingia Muleba mkiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hata chai haijachemka mmoja wenu ameshafungua boneti mbele ya nyumba ya mama yake. Kwa hilo nawapenda. Anayetaka kulijua gari lake kwa mikono yake mwenyewe, huyo namhesabu fundi mwenzangu hata kama bado anachanganya spana. Lakini lipo jambo moja nitawaambia, na nitalirudia mpaka liwaingie, kwa kuwa nimeshalipigia magoti kwenye matope na sitaki kulipigia tena.

Naitwa Adventina. Nimekuwa fundi wa magari tangu ujana wangu, kwanza Bukoba mjini kwenye gereji iliyokuwa Kashai, baadaye hapa Muleba karibu na stendi ya mabasi, mpaka magoti yalipogoma. Sasa nakaa kwenye kibanja changu upande wa Rubya, napogoa kahawa na kufukuza mbuzi wa majirani kwenye migomba.

Nilivyoingia kwenye kazi hii si hadithi ndefu. Nilikuwa nawapelekea mafundi chakula cha mchana, ndizi na maharage. Siku moja nilimkuta mwenye gereji, Mzee Salumu, amelala chini ya lori, anahangaika na nati iliyojificha mahali ambapo mkono wake haukuingia. Wangu uliingia. Akajivuta akatoka, akafuta jasho kwa kofia yake, akaniambia, "Binti, kesho chakula alete mwingine."

Mzee Salumu alizaliwa Bukoba, ila babu yake alitoka Pangani, na Kiswahili chao hakikupotea njiani. Sisi wa migombani tulikipata Kiswahili shuleni, kimenyooka kama rula. Chake kilikuwa na kona na vivuli. Hata hivyo akikasirika aligeukia Kihaya, na hapo kila mtu gereji nzima alinyoosha mgongo. Alikuwa na msemo mmoja aliotuambia kila asubuhi, hata kama hakuna aliyeuliza: "Jeki inapandisha. Haishiki." Kisha alikwenda kwenye kila gari lililokuwa juu na kuisukuma stendi, kile kiguu cha chuma kinacholishikilia gari, kwa mguu, aone kama imekaa.

Tulimwona kama mzee anayependa kusumbua. Mpaka siku ya Novatus.

Novatus alikuwa fundi mzuri kuliko wote pale, mkono mwepesi, mcheshi. Pikapu ilikuwa juu ya jeki, stendi zilikuwa pale pale ukutani, na yeye alikuwa amemaliza kazi. Nati moja ikamponyoka, ikaviringika chini ya gari. Aliingiza mkono tu kuiokota. Jeki ile ilikuwa nzima machoni, lakini ndani mpira wa kuzuia mafuta ulikuwa umechoka, na ukakatika saa hiyo hiyo, pikapu ikamshukia mkono. Novatus aliendelea kufanya kazi miaka mingi, na alikuwa bado mcheshi, ila boliti alizifungua kwa mkono mmoja na ule mwingine aliutumia kushikilia taa.

Nawaambia haya mjue kwamba watu hawaumii kwa ujinga wa kila siku. Wanaumia katika kile kitendo kidogo cha mwisho, kinachoonekana hakistahili kusumbuka.

Sasa, magari haya ya chini, haya ya mbio, yenye milango miwili na sauti ya ng'ombe dume, yalipoanza kufika Bukoba yalitukuta hatuna akili nayo. La kwanza nililoliona lililetwa na bwana harusi mmoja aliyetaka lifanyiwe huduma kabla ya kumbeba mkewe. Mzee Salumu alilizunguka, akainama, akasema, "Hili halitembei, linatambaa." Jeki tuliyoizoea haikuingia chini kabisa. Tukatafuta nyingine fupi, mzee akaiweka pale alipozoea kuiweka kwenye pikapu, akapampu mara chache, tukasikia mlio kama mtu anang'ata muwa. Ile plastiki ya ubavuni, mnayoiita sketi, ilikuwa imepasuka.

Bwana harusi alikuwa amesimama na soda mkononi. Mzee Salumu hakujificha. Alisimama mbele yake akasema, "Bwana, gari lako limevaa sketi kama bibi harusi, nami nimeikanyaga. Nitaitengeneza kabla ya misa yako." Akaitengeneza. Halafu akatandika gunia chini, akalala na tochi, akaukagua upande wa chini wa gari lile kwa kidole, inchi kwa inchi, mpaka akapaona mahali penye chuma mara mbili, na alama mbili ndogo pembeni zilizowekwa na waliolitengeneza. Akatuita mmoja mmoja tulale tukaone. Alisema gari la chini ni kama mgonjwa mwenye ngozi nyembamba, kwanza uulize unapomshika.

Kwa hiyo ukitaka kulinyanyua gari la namna hiyo nyumbani, anza kwa kulala chini na kuangalia. Jeki isiwekwe kwenye plastiki, wala kwenye sakafu ya bati, wala kwenye sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Itafute sehemu iliyoimarishwa, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya la nyuma. Kama jeki haiingii, usilazimishe. Tandika mbao pana, liendeshe gari taratibu lipande juu yake, utapata nafasi ya kutosha. Kati ya jeki na chuma weka kipande cha raba. Mimi nilikata soli ya katambuga ya zamani, imenitumikia kuliko nilivyoivaa. Na mjue kwamba bodi la magari haya ni gumu, halipindi kama pikapu. Ukinyanyua kona ya mbele, ya nyuma nayo inaanza kuelea. Mtu asiyejua hilo anadhani bado gurudumu la nyuma limekanyaga, kumbe limebaki linabusu ardhi tu.

Respicius hakujua hilo.

Respicius ni mtoto wa mdogo wangu Winfrida. Anafanya kazi ya kufunga vyombo vya muziki Mwanza, kijana mpole, mwenye subira na nyaya. Alirudi Krismasi na gari la mbio la rangi ya bluu, la mtumba lakini limetunzwa, na njiani kwenye miteremko breki za mbele zilianza kulia. Akasema atabadilisha pedi mwenyewe. Pedi alikuwa nazo. Mimi nilimwambia, "Subiri Jumatatu nije na vifaa vyangu." Akasema sawa, Mama mkubwa.

Jumamosi asubuhi hakuweza kusubiri. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Uwanja wa Winfrida una majani na umeinama kidogo kuelekea kwenye migomba, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanajua. Respicius alivuta handibreki, akachukua ile jeki ndogo iliyokuja na gari, akaiweka juu ya matofali mawili ili isizame, akapandisha kona ya mbele. Akatoa gurudumu, akalisukuma kwa mguu likaingia nusu chini ya ubavu wa gari, lisimzuie njia. Pedi alifunga vizuri, kama za upande mwingine alizozimaliza kwanza. Kisha akaona tone la mafuta linadondoka katikati, akaingia chini kuangalia linatoka wapi.

Handibreki ya gari lile inashika magurudumu ya nyuma. Moja lilikuwa linaelea, na la pili limekaa kwenye majani mabichi.

Winfrida aliingia kwangu akitembea. Hakukimbia, na hakuwa analia. Alisimama kwenye mlango wa jiko akasema, "Dada, gari limemlalia Respi."

Nilimwambia achukue toroli, apakie jeki yangu ile bapa yenye magurudumu na yale magogo niliyoyakata kwa ajili ya kazi, aje nayo. Mimi nikaenda. Magoti niliyoyalalamikia miaka yote sikuyasikia.

Nilipofika, miguu yake ilikuwa imetokeza nje. Ndala moja ilikuwa imemtoka. Lile gurudumu alilolisukuma bila kufikiri ndilo lililolipokea gari. Ubavu ulikuwa umelikalia kwa pembeni, umeinama, na chini yake Respicius alikuwa amebanwa begani na kifuani. Nililala kwenye matope nikamwona uso.

"Respi, ni mimi."

"Mama mkubwa, pumzi haiingii."

"Inaingia kidogo. Hiyo kidogo inatosha. Usizungumze tena. Nikikuuliza, tikisa mguu."

Akatikisa mguu.

Nilipoinuka, wanaume walikuwa wamefika. Walikuwa wanachimba choo kwa jirani, wana nguvu, wana udongo mpaka viwikoni, na mbele yao alikuwa Ta Kaijage, yaani Mzee Kaijage kwa Kihaya chetu, ambaye mnamjua wote wa huku, mtu mkubwa mwenye moyo mkubwa. Alikuwa ameshashika bampa.

"Ma Adventina, tupishe. Tuko wengi. Tunalinyanyua mara moja, wewe unamvuta."

"Mkilinyanyua huku litasogea kule, Ta Kaijage. Likitoka kwenye hilo gurudumu, linamshukia lote."

"Mtoto anakufa, waitu jamani, na wewe unatufundisha."

Wenzake walikuwa wameshapanga mikono. Ninajua walichokuwa wanahisi, kwa sababu hata mimi mikono yangu ilitaka kulishika lile gari. Unapomwona mtu chini ya chuma, mwili wako wote unasema nyanyua. Huo ndio mwili unaoua.

Nikamwambia, na sikupaza sauti, "Kaijage, ukiligusa hili gari kabla sijakwambia, wewe ndiye utakayemzika."

Alinitazama. Akafungua mikono, akairudisha nyuma ya mgongo kama mwanafunzi.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia mawe kwanza. Makubwa, mbele ya kila gurudumu lililokanyaga, na mengine nyuma yake, yasukumwe kwa mkono taratibu mpaka yakaze, yasipigwe. Mmoja akataka kufungua mlango aingize gia, nikamkataza. Kufungua mlango kunalitikisa gari. Gari lisipoweza kwenda popote ndipo tunapoanza kulifikiria. Winfrida akafika na toroli, na Ta Kaijage akaleta ubao kutoka kwenye choo walichokuwa wanachimba, nikauweka kwenye tope uwe sakafu ya jeki. Nikalala tena, nikatafuta kwa kidole. Alama mbili ndogo. Nikaiingiza jeki hapo, pamoja na raba yake.

"Respi, tunaanza. Uko nami?"

Mguu ukatikisika, lakini ulichelewa.

Nikapampu kidogo, chuma kikapanda upana wa kidole. "Ta Kaijage, gogo." Akalala kifudifudi kwenye tope na mwili wake wote ule, akasukuma gogo chini ya ubavu, pembeni ya jeki. Nikapampu tena. "Gogo." Akaweka jingine juu yake. Hatukupandisha hata kidogo bila kitu cha kufuata chini, maana jeki inapandisha, haishiki, na sikuwa tayari kumkabidhi mtoto wa Winfrida kwa mpira wa mafuta ambao siuoni. Mwanamume mmoja nyuma yangu alikuwa anasali kwa Kihaya kwa sauti ndogo. Nikamwacha, ilinisaidia kuhesabu mwendo wa mkono wangu.

Kisha tukamsikia Respicius akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu yenye kukwaruza. Ta Kaijage akafumba macho pale pale chini.

"Bado," nikasema. "Mtu asimvute."

Nikapandisha mpaka nikaweza kupitisha mkono wangu juu ya kifua chake bila kukigusa. Magogo yakakaza. Nikaisukuma stendi ile ya magogo kwa mguu. Haikutikisika. Ndipo tukamshika nyonga na mapaja, mwili umenyooka, tukamtoa pole pole kama mkate unavyotolewa kwenye moto. Tulimlaza juu ya ubao, wakambeba mpaka barabarani, na hospitali walimpokea. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na mbavu kadhaa zimepasuka. Mapafu yalikuwa salama.

Ta Kaijage alirudi kunawa kwenye bomba langu. Alinawa muda mrefu. Akaniambia, "Ma Adventina, ningelinyanyua." Nikamwambia, "Najua. Na bila wewe nisingeweza kuyaweka yale magogo." Akaondoka, na tangu siku hiyo akinikuta sokoni ananibebea mzigo hata kama ni vitunguu.

Mngetarajia nimalizie hapo. Wazee wengi wangemalizia hapo, wawaonye, wawaage. Lakini gari lilikuwa bado limekaa kwenye uwanja wa Winfrida juu ya magogo yangu, na Winfrida hakutaka hata kulipita. Alitoka kwa mlango wa nyuma.

"Liondoke kwangu," aliniambia. "Wakalivute, waliuze, sitaki kujua."

Respicius alikaa nyumbani akipona, mkono umefungwa kifuani. Alikubali kila alichosema mama yake. Alisema atampigia fundi wa Bukoba alichukue. Hakulitazama gari alipolisema hilo, na hakunitazama mimi pia. Hapo niliona kitu ambacho nilikiona kwa mafundi wengine baada ya ajali. Hofu ikikaa ndani bila kazi, inageuka aibu, na aibu ndiyo inayomfanya mtu siku nyingine afanye haraka ili asionekane anaogopa.

"Mfupa ukiunga," nikamwambia, "utakuja kwangu na hilo gari, na utalinyanyua mwenyewe."

Winfrida aliweka sufuria chini. "Dada, umemtoa chini ya hilo gari. Sasa unataka kumrudisha?"

"Atarudi tu, Winfrida. Ni fundi huyu, hata kama wa muziki. Ukimkataza hapa atarudi chini yake akiwa Mwanza, peke yake, na mimi sitakuwepo. Nataka arudi akiwa anajua."

Hatukuzungumza vizuri kwa majuma, na sisi ni watu wa mlango kwa mlango. Nilikubali kukasirikiwa. Kuna mambo ambayo ukisubiri watu wakubaliane nawe kwanza, hayafanyiki.

Daktari aliporidhika, Respicius alilileta. Nina sakafu ya saruji ninayoanikia kahawa, imenyooka, ngumu, kavu. Tuliifagia. Nikachukua kigoda nikakaa pembeni, nikamwambia leo mimi ni mtazamaji, vifaa vile pale. Kila nilichowaeleza hapo juu nilikuwa nimemweleza kwa mdomo alipokuwa anapona.

Akatandika mbao, akalipandisha gari juu yake. Akaweka gia, akavuta handibreki, akaweka mawe. Akalala, akapata alama mbili kwa kidole, akaweka raba na jeki. Akapandisha. Kisha akashika spana kulegeza nati za gurudumu, na gurudumu likazunguka hewani pamoja na spana. Akalitazama, akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu Desemba, akalishusha gari chini, akalegeza nati gurudumu likiwa bado limekanyaga, akaanza upya. Alipoweka stendi alilishusha gari lizikalie, akaliegemea kwa nyonga kulisukuma, akazunguka akasukuma upande wa pili. Gurudumu alilolitoa akalilaza chini ya ubavu, safari hii kwa kukusudia. Mzee Salumu, Mungu amrehemu, angekosa la kusema, na hilo lilikuwa nadra.

Breki za mbele alikwishafunga siku ile. Kilichobaki ni lile tone la mafuta, katikati, chini kabisa.

Akatandika gunia. Akalala chali na kichwa chake karibu na ubavu wa gari. Akabaki hapo. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka. Ningeweza kumwambia basi, umefanya vya kutosha. Nilishika kigoda kwa mikono miwili nisiseme.

Winfrida alikuwa amesimama kwenye mgomba wa mpakani, sijui tangu saa ngapi. Alikuja na mkeka wake mkononi. Hakunisalimia. Aliutandika kwenye saruji kando ya gari, akakaa, akanyoosha miguu, akavuta khanga mabegani.

"Ingia," akamwambia mwanawe. "Mimi niko hapa. Nikikuita, uitike."

Respicius akajisukuma kwa visigino. Kichwa kikapotea, mabega yakapotea, ikabaki miguu.

"Respi."

"Naam, mama."

"Unaona nini?"

"Naona boliti ya sampu. Imelegea. Ndiyo inayovuja."

"Basi ikaze."

Tukasikia spana ikishika. Winfrida akamwuliza kama Mwanza mvua inanyesha, akaitika. Akamwuliza yule binti wa Kamachumu anaendeleaje, akaitika kwa sauti ya chini, na hata chini ya gari tulisikia anatabasamu. Akamwuliza atakula ndizi za nyama au za maharage. Kila alipoita, sauti ilirudi kutoka chini ya chuma, na kila ilivyorudi ilikuwa na pumzi zaidi, mpaka ikafika mahali Respicius akaanza kujibu kabla hajaitwa.